Matango ya Karani

Siwezi kukata matango nikiwa nimekaa. Wakwe zangu wananicheka. Kigoda kipo, ubao upo, kisu kimenolewa, na mimi nimesimama; nakata vipande vichache, naenda dirishani, narudi, nakata tena, natoka kuangalia mlango wa uani kama umefungwa. "Mama, tango halikimbii," mke wa mwanangu aliniambia juzi. Najua halikimbii. Nimekata matango mengi kuliko siku alizoishi yeye duniani, na bado miguu yangu haikubali kutulia.

Saladi yenyewe haina maajabu. Unachagua tango changa, unakata ncha ya upande wa kikonyo, kisha unachukua ncha hiyo hiyo na kuisugua pale ulipokata, taratibu, kwa kuzungusha, mpaka povu jeupe litoke. Kwetu wanasema povu hilo ndilo uchungu. Wajuaji wa siku hizi wanasema ni upuuzi; sawa, wale lao. Unamenya, unakata vipande vyembamba, unanyunyiza chumvi, unaviacha vitoe maji, unakamua kwa kiganja. Kisha kitunguu, ndimu, pilipili, na mafuta ya karanga. Hayo yote niliyajua kwa kusikiliza mama akimfundisha papa, yaani baba yangu, katika kipindi ambacho maisha ya papa yalitegemea bakuli la matango.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kwenye ramani mji wetu ulikuwa bado na jina la kizungu, ingawa sisi tuliuita Kisangani tangu hapo. Tulikaa mtaa wa Kabondo. Papa alikuwa karani wa ghala la pamba karibu na mto. Kila asubuhi alivaa shati jeupe, akafunga kravate, tai yake ya ofisini, akabana mguu wa suruali usiliwe na mnyororo, akapanda baiskeli. Hatukuwa matajiri hata kidogo. Lakini tulikaa na koko, mama yake mzazi, na ungemsikiliza koko ungedhani mwanawe ndiye mwenye ghala, pamba na mto wenyewe.

Ukoo wa koko ulikuwa wa wafanyabiashara wa zamani, watu wa kanzu na msikiti. Biashara ilikufa, kanzu zikachakaa, na kilichobaki cha kujivunia kilikuwa mwana mmoja anayeshika kalamu. Koko alimtangaza kwa wote. Muuza samaki akiuliza bei anayoitaka, jibu lilikuwa, "Mwana yangu iko karani." Mgeni akimsalimu njiani, jibu ni hilo hilo. Papa aliona haya, lakini nilimwona mara nyingi akitabasamu akifunga ile kravate.

Kisha waasi wakauteka mji, wakaanza kuwatafuta watu wa kalamu. Aliyevaa kravate alikuwa adui. Aliyesema Kifaransa kizuri alikuwa adui. Makarani walichukuliwa majumbani mwao mchana kweupe, na wengi wao hatukuwaona tena. Mama alifunga mashati na kravate katika turubai, akavifukia chini ya migomba. Papa akabaki na singileti na kaptula, akizunguka uani bila kazi, akichukua jiwe hapa na kuliweka pale. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuelewa na mdogo wa kutoulizwa. Sikuweza kula. Nilikuwa nikisimama mlangoni, kisha dirishani, kisha mlangoni.

Walipofika kwetu, papa alikuwa amekaa uani, mikono juu ya magoti. Nilimwona komanda wao, mwanaume mfupi aliyefunga ngozi ya mnyama kichwani, akiitazama ile mikono. Ilikuwa laini kama ya mtoto wa kuogeshwa.

"Weye, unatumikaka kazi gani?"

Papa alifungua mdomo. Mama, aliyekuwa anatoka shambani kwake nyuma ya nyumba na matango kwenye kitambaa, alimtangulia.

"Iko mupishi. Mupishi ya bazungu. Mikono yake kutwa mu maji na sabuni."

Sijui neno hilo alilitoa wapi. Yeye mwenyewe baadaye alisema lilitoka kwenye matango. Tulingoja. Komanda akacheka, akapiga makofi mara moja, akasema Mungu anampenda, amemletea mpishi.

Sababu ya furaha yake tuliielewa baadaye kidogo. Wapiganaji wale walikuwa wamechanjwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa hiyo ilikuwa na miiko: usiguswe na mwanamke, usile cha huyu, usitazame nyuma. Komanda wetu alizidisha. Alikataa chakula chochote kilichopita mkononi mwa mwanamke, hata awe kikongwe. Wali na nyama vijana wake walijua kuchemsha. Alichokitaka yeye ni kitu kingine.

"Nilitumikaka mu bustani ya muzungu," alimwambia papa, akiwa amechuchumaa karibu naye kama jirani. "Matango nilipanda miye. Maji nilimwanga miye. Mupishi anakuya, anabeba, anaingia mu nyumba. Hata siku moja sikuonja ile saladi. Bon. Sasa utanifanyia."

Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitia baridi. Mtu mwenye hasira hutulia. Huyu alikuwa na hamu.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Papa hakuwahi kumenya kitu maishani mwake. Kwetu mwanaume hakuingia jikoni, na koko angeugua kama angemwona mwanawe na sufuria. Siku ile ile mama alifunga mlango wa jiko, akampa papa kisu na tango. Nilikuwa nimewekwa nje kulinda, lakini sikutulia nje; niliingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Papa alishika tango kwa mkono wa kushoto, akalichonga kwa kulisukumia kisu mbele, akiligeuza kidogo kidogo, huku akipuliza maganda.

"Papa," mama akamwambia, "ile si penseli."

"Njo vile ninajua kushika kisu."

"Kamata kama vile unajikuna tumbo. Vuta kuya kwako. Kwako, papa, si ku ukuta!"

Alivuta kwake, akajikata kidole gumba. Mama akacheka, kisha akalia, kisha akamfunga kidole na kumpa tango jingine. Samaki mkunje angali mbichi, alisema. Huyu wangu alikauka zamani, lakini nitamkunja hivyo hivyo. Papa aliuliza maswali ya kikarani: chumvi gramu ngapi, dakika ngapi za kusugua povu. Mama alimjibu kwamba chumvi hupimwa kwa aibu: weka kama mtu anayejua kwamba chumvi ni ghali. Bakuli la kwanza lilipelekwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, ambako komanda alikuwa amehamia. Vipande vyake vilikuwa vinene kwa vidogo, vingine na ganda. Tulikaa uani tukitazama barabara. Bakuli likarudi tupu, na kijana aliyelileta akasema kesho tena.

Hofu yetu kubwa haikuwa matango. Ilikuwa koko.

Akili yake ilikuwa imeanza kuchoka wakati huo. Aliweza kusahau kama amekula, lakini hakusahau kwamba mwanawe ni karani. Njia ya mwongo ni fupi, nayo njia yetu ingeishia mdomoni mwa kizee yule. Mama alimfundisha kila asubuhi, akimaliza tu kumuogesha.

"Mama, mwana yako anatumikaka nini?"

"Karani."

"Apana, mama. Mupishi."

"Mupishi? Mwanaume ya nyumba yetu? Nani anasema ile?"

"Miye ninasema. Kama batu banauliza, sema mupishi."

"Weye unaona wivu," koko alimwambia, na kumgeuzia mgongo.

Kwa hiyo nikapewa kazi. Wapiganaji wakionekana barabarani, niingie chumbani kwa koko na kisahani cha matango, nimlishe. Hakuwa na meno. Matango yaliyolala kwenye chumvi na ndimu ndiyo aliyaweza, na alipokuwa anatafuna kwa fizi hakusema. Nilimlisha kipande baada ya kipande, nikisikiliza viatu vya nje, mguu wangu mmoja tayari mlangoni. Nilikuwa namharakisha. Alikuwa ananishika mkono na kuniambia, taratibu, mutoto, nani anakufukuza?

Siku moja komanda alikuja mwenyewe bila kutuma mtu. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akasema anataka kuona. Mama na mimi tukarudi nyuma ili kivuli chetu kisimguse. Papa alikuwa na kisu mkononi. Alikata kikonyo, akasugua, povu likatoka. Komanda akainama.

"Mupishi ya bazungu," alisema, "hakusuguaka vile. Nilikuwa ninaona ku dirisha."

Sikuwahi kuona uso wa papa ukitoka jasho ghafla namna ile. Lakini alijibu, na kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya mtu aliyeudhiwa kazini.

"Basi bazungu bale walikula machungu."

Komanda akafikiri. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Ilimpendeza sana kwamba wale wenye meza walikuwa wamekula machungu miaka yote. Akiwa bado anacheka, sauti ya koko ikapaa kutoka chumbani, safi kama ya muadhini:

"Karani wangu! Karani, niletee maji!"

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesahau kisahani. Nilikimbia, lakini komanda alikuwa ameshafika mlango wa chumba kabla yangu.

"Karani njo nani?"

"Kichwa ya koko ilienda," mama alisema nyuma yake. "Anaita hata mbuzi karani."

Komanda alisimama mlangoni, mbali kidogo na kitanda, akauliza, "Koko, na miye niko nani?"

Koko alimkagua kuanzia ile ngozi ya kichwani hadi kifua kilichokuwa wazi, na majani aliyojifunga kiunoni. Alimkagua kwa masikitiko, kama mtu aliyesahau shati.

"Weye pia karani," akasema. "Lakini karani gani hana simisi? Enda uvale."

Wapiganaji waliokuwa uani walianguka kwa kucheka. Komanda naye akacheka, akamuaga kwa heshima, akaondoka. Mama alirudi jikoni, akaanza kuokota maganda ya matango. Mimi nilimpelekea koko maji yake.

Baada ya hapo mama alizidisha mafunzo. Alimfundisha koko asubuhi, adhuhuri, wakati wa kumsuka. Alimfundisha kwa sukari. Akisema karani, hapewi kitu. Akisema mupishi, anapewa kipande cha sukari ulimini. Nilikuwa nikiona jambo lile ni baya, kumfundisha mtu mzima kama kasuku, lakini nilimwombea ajifunze haraka. Na polepole, akajifunza. Kwanza alisema mupishi huku akitazama sukari. Kisha alisema bila sukari. Kisha siku moja muuza samaki alipita, na koko akamwita kwa sauti yake ile ile ya fahari: "Mwana yangu iko mupishi! Komanda hakulaka ku mukono ingine!" Mama alimkumbatia. Siku hiyo tulikula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki kama watu wa sikukuu.

Papa naye alikuwa amebadilika. Vidole vyake vilijaa alama za kisu, viganja vikawa na ngozi ngumu, na alinuka kitunguu kuanzia asubuhi. Alikuwa akiimba akikata. Kuna siku nilimkuta akiwa ameinua kipande cha tango juu, akitazama jua kupitia humo, akitabasamu peke yake. Naamini ndizo siku pekee nilizomwona papa akifanya kitu kwa mikono yake na kukipenda, na inaniuma kwamba ilikuwa lazima mji uungue kwanza.

Mwisho wa waasi ulikuja kwa ndege. Zilipita chini hata mabati yakalia, na risasi zikaendelea upande wa mto na upande wa uwanja wa ndege. Nyumba ya ng'ambo ya barabara ikawa tupu. Komanda hakuaga, na sijui alikoishia. Tulilala chini ya vitanda mpaka kelele zikahamia mbali. Kisha mama akachukua jembe, akaenda kwenye migomba, akafukua turubai. Mashati yalikuwa na madoa ya udongo. Aliyafua, akayaanika, akapiga pasi ya makaa. Papa akanyoa, akavaa, akafunga kravate, akatoa kiti nje na kukaa pale ambapo kila mpita njia angemwona. Alikuwa karani tena. Nilipumua, nakumbuka, nikakaa chini karibu naye, miguu imenyooshwa.

Askari wa serikali walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliowatumikia waasi. Hatukuogopa. Tuliwaza hao ni wetu. Hao ndio wanaotaka watu wa kalamu. Waliingia uani na ofisa wao, kijana mwenye adabu. Papa alisimama, akamsalimu kwa Kifaransa chake cha ofisini. Ofisa akaitikia. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akamgeukia mkubwa kuliko wote, koko, aliyekuwa kwenye mkeka, akainama kidogo.

"Jambo, mama. Huyu papa njo nani?"

Koko alinyoosha mgongo.

"Huyu mwana yangu. Iko mupishi. Mupishi ya komanda. Komanda hakulaka ku mukono ingine, ila ku yake."

Akamtazama mama. Alimtazama kuona kama amesema vizuri.

Papa alianza kueleza. Alieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala, kisha kwa Kiswahili, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikika kama mtu anayetunga. Mama aliwaambia kwamba kichwa cha koko kimekwenda, maneno yale yale aliyomwambia komanda. Ofisa akaomba kuona mikono ya papa. Akaigeuza, akapitisha kidole juu ya alama za kisu, akanusa. Akawauliza majirani waliokuwa wanachungulia juu ya ua. Majirani walikuwa watu wema. Tangu mwanzo tuliwasihi waseme neno moja tu juu ya papa, mupishi, na waliishi nalo kwa uaminifu. Sasa hawakujua waseme lipi. Walinyamaza, na ukimya ukatosha.

Askari walipomshika papa, koko ndiye aliyeuliza, "Banamupeleka wapi?"

Papa alimtazama mama yake. Mpaka leo nauona uso wake ukijipanga.

"Bamenipatia kazi, mama. Ninaenda kupika."

"Na kravate?" koko akasema. "Mupishi hana kazi na kravate. Itaingia mu mafuta. Toa."

Papa aliifungua, akamkabidhi mama, akatoka nao. Lori lilikuwa limesimama karibu na kona. Nililifuata nikikimbia hadi barabara kubwa, na sikulifikia.

Hakurudi. Mama aliulizia kila mahali panapoulizika, akavuka mto, akafika hadi Ubundu kwa sababu mtu alidai kuona wafungwa kwenye treni. Alirudi na miguu iliyovimba. Mimi nilimchukia koko, nasema wazi. Nilikuwa nikimpelekea maji na kuyaweka mbali ili ajinyooshe. Lakini huwezi kumchukia vizuri mtu asiyejua kitu. Kila jioni alimuuliza mama, kwa furaha, kama mwanawe bado ana kazi nzuri huko alikochukuliwa, kama wanamlipa, kama wanamsifu. Na kila jioni mama alimjibu, "Iko anapika, mama. Banamupenda sana." Nilikuwa natoka nje nisisikie.

Kisha koko akaanza kuomba saladi. Alikataa chakula kingine. Mama alikwenda shambani, akachuma, akasugua povu, akamenya, akakata, akakamua, akaweka ndimu. Alimpelekea kwenye mkeka. Koko aliweka kipande mdomoni, akakitafuna kwa fizi, akakitoa na kukiweka pembeni ya sahani.

"Ile si ya mwana yangu," alisema. "Yake alikataka nyembamba."

Mama, aliyemfundisha papa hata namna ya kushika kisu, aliinua sahani. Alirudi jikoni, akachukua tango jingine, akaanza kukata upya.